Nenda Kaiulize Barafu

Alby, Juni. Ni usiku lakini nje bado kweupe, kama kawaida ya huku.

Sifa mwanangu,

Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kulia, lile buti kubwa la kwenda nalo Greenland unalolivaa kila siku ili ulizoee, kwa sababu nakujua. Ningeiweka mezani ungeipita ukikimbilia kahawa. Sasa mguu umeikuta, nawe umekaa chini pale mlangoni, uso umeukunja, unasoma. Vizuri. Kaa hapo hapo. Na simu iache mfukoni mpaka umalize, maana najua unataka kumpigia nani.

Jana jioni uliniambia, tena kwa Kiswahili, ndipo nikajua jambo ni zito: "Papa, nimefikiri. Sitaenda. Nitawaambia watafute mtu mwingine." Nilikuwa nasonga ugali. Sikusema neno, ukadhani nimekubali. Thubutu! Nilinyamaza kwa sababu daktari amenikataza kupandisha hasira, na ile niliyokuwa nayo jana ingetosha kuivunja sufuria.

Sababu zako nilizisikia. Ni moyo wangu huu, walioutia kile kibomba kidogo pale hospitali ya Huddinge kabla ya Pasaka. Ni Mama Furaha wa kanisani, aliyekushika mkono baada ya ibada akakuuliza nani atampikia mzee. Ni yule mwenzako wa chuo anayekucheka kwamba dunia nzima inalia joto, nyinyi mnahangaika na baridi. Na chini ya hayo yote kuna hofu ambayo hukuitaja, kwamba utakuwa kule kwenye barafu, mimi nianguke jikoni, na hakuna atakayejua.

Nianze na Mama Furaha, maana huyo ni rahisi. Ni mwanamke mwema, sombe yake, kisamvu kile cha kwetu, nimeila mara nyingi, na kwa hili hajui anachosema. Kupika naweza. Nimepika na wewe ukiwa mgongoni, mvua juu, kuni mbichi chini. Alikuambia pia kwamba Yesu atarudi kabla barafu haijarudi kuifunika nchi hii, kwa hiyo kwenda kupima maji chini ya barafu ni kuupoteza ujana. Nilimfuata Jumapili iliyofuata. Nikamwambia, mama, labda atarudi kweli, sasa akifika akute nyumba imefagiliwa au akute tumeusukuma uchafu chini ya mkeka? Akacheka, akasema, "Wewe Papa Sifa una mdomo." Ninao. Ni kitu pekee nilichovuka nacho mpaka kikafika kizima.

Sasa nikueleze jambo ambalo nilikueleza nusu tu.

Unajua nilikuwa fundi cherehani Goma. Unajua pia kwamba cherehani kilibaki kule. Vita vilipokaribia, kila nyumba mtaani kwetu ilichimba. Huyu alifukia sufuria, yule sahani za harusi, jirani yetu alifukia redio. Ndiyo desturi yetu ya kukimbia: usichoweza kukibeba unaipa ardhi, unaweka alama, na mbele ya watoto hakitajwi kabisa, maana mtoto akiulizwa na askari njiani husema kweli. Siku ile tulikulaza kwa jirani. Hukuona kitu, na kwa miaka mingi hukuambiwa kitu.

Mimi nilifukia kwa ufundi, ee! Nilikifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, nikakipaka grisi kila pembe, nikakifunga nailoni, nikakitia kwenye pipa dogo la bati, na mfuniko nikauziba kwa nta. Nikachimba shimo la kunifika kifuani. Nikatandika udongo wa mfinyanzi chini, nikashusha pipa, nikalizungushia udongo huo pande zote, nikaushindilia kwa mchi ili maji yasipate njia. Juu yake mawe. Alama ilikuwa mparachichi wetu, upande wa choo.

Ndiyo maana mwaka juzi, uliporudi kutoka chuoni ukanieleza jinsi nchi hii ya Waswidi inavyotaka kuzika taka zake za nyuklia, niliacha kula. Wazitie kwenye makopo ya shaba. Makopo wayazungushie udongo wa mfinyanzi unaovimba ukipata maji. Yote wayashushe karibu nusu kilomita ndani ya mwamba. Nikakuuliza, nani amewaonyesha njia yangu? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilicheka kidogo tu, na hukujua kwa nini.

Kwa sababu mama yako alikataa. Alisimama ukingoni mwa shimo akaniambia, "Tukibebe. Meza iache. Kichwa nitakifunga mgongoni mimi, Sifa mbebe wewe. Tutakakofika tutashona, tutakula." Nikamwambia anyamaze, ardhi ya baba yangu haijawahi kuniibia. Nilifikiria wezi. Nilifikiria askari, mvua, mchwa, kutu, hata jirani mwenye wivu. Na muda wote ule nikichimba, mlima ulikuwa nyuma yangu. Ule ule Nyiragongo, mlima wetu wa moto, kileleni kwekundu jinsi tulivyouona tangu utoto wetu, na sikugeuka kuutazama hata mara moja. Tulikuwa tumeuzoea. Nani anamhesabu kuwa adui jirani aliyemkuta uani tangu kuzaliwa?

Kampala tulikaa bila cherehani. Mama yako alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, na homa ilipomkuta hakuwa na nguvu ya kushindana nayo, ikamchukua. Sisemi cherehani kingemponya. Ninachojua ni kwamba angekuwa ameketi, anashona, badala ya kuinama kwenye karai la mtu. Hilo linaniuma hadi leo. Sikuombi unifariji, nakuomba ulijue tu.

Kisha tukaletwa huku. Tulikuwa hatujauzoea hata mwendo wa treni ya hapa, ile ya njia nyekundu, mlima ulipopasuka. Uliona pamoja nami kwenye televisheni, mto wa moto unapita katikati ya mji, nawe ukaniuliza kama ni filamu. Wiki kadhaa baadaye binamu yangu akapiga simu. "Kaka, kiwanja chako sasa ni jiwe. Mparachichi haupo, choo hakipo, jiwe limepita kimo cha mtu." Nikamuuliza, na chini yake? Masikini, hakujua habari za pipa. Akaniuliza, "Chini ya nini?"

Lakini aliongeza jambo. Jiwe lilikuwa bado na joto, watu wakarudi. Wakubwa wanasema msirudi, wageni wanasema msirudi, watu wa Goma wakavaa viatu vya soli nene, wakapanga mbao juu ya lile jiwe jeusi, wakaanza kuuza nyanya. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sisi ni uzao wa watu hao, Sifa, wakaidi wa kupindukia. Kwa hiyo usije kwangu na habari za baridi na mtandao wa simu kukatika kule.

Na mimi je? Mimi niliutumia ukaidi wangu vibaya. Hata baada ya simu ile nilikataa kushika cherehani kingine. Ofisi ya kazi waliponiuliza ufundi wangu, nikasema sina. Kule kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, msimamizi akiuliza nani anajua kushona kidogo, nilikuwa natazama dirishani. Nilikuwa namngojea mwenzangu wa chuma aliye chini ya jiwe. Lile begi tulilotoka nalo Kampala lilikaa chini ya kitanda limefungwa, wewe ukilivuta ukicheza, ukiniuliza tunaenda wapi. Nikikujibu "nyumbani," unanijibu kwa Kiswidi kwamba nyumbani ni hapa, ghorofa ya nne. Ulisema kweli, na mimi nikakukaripia.

Aliyenitoa huko ni wewe, na ule mwamba nyuma ya jengo letu, pale juu panapoonekana ziwa. Unakumbuka? Ulikishika kidole changu ukakipitisha kwenye michirizi iliyonyooka juu ya jiwe. Ukasema, "Papa, hii si kazi ya watu. Ni barafu." Ukaniambia barafu yenye unene wa kilomita na zaidi iliwahi kukaa juu ya Alby, ikaburuta mawe juu ya mwamba huu, na ilipoyeyuka nchi ikaanza kuinuka, na hadi leo inainuka polepole. Nikakaa chini. Miaka yote naulilia mlima wangu, kumbe nimehamia kwenye mlima wa watu wengine, tena mkubwa kuliko wangu. Nikakuuliza kama itarudi.

Ukasema itarudi. Hili joto tulilolileta wenyewe linaweza kuichelewesha sana, haliwezi kuifuta, na ikija itaikuta ile sumu bado ni sumu. Basi mwambie hivyo huyo mwenzako anayekucheka, au mlete kwangu nimwambie mimi.

Tangu siku ile nilikusumbua, nakiri, kila ukifika kula. Ulinichorea nyuma ya bahasha. Kwanza ardhi inaganda, kwenda chini mamia ya mita: je, ule udongo wa mfinyanzi ukiganda ukayeyuka unabaki na kazi yake? Halafu barafu yenyewe inafika na uzito wake. Maji ya barafu inayoyeyuka kwa chini yanasukumwa kwenye nyufa za mwamba, maji yasiyo na chumvi, yenye oksijeni: je, yanaweza kufika kule chini kabisa, yakausomba udongo ule kidogo kidogo mpaka shaba ikabaki uchi? Na siku barafu inaondoka, mwamba ukishusha pumzi, je, hautatetemeka? Kila mshale uliochora ulikuwa na "je" yake. Nikasema moyoni, hawa angalau wamegeuka kuutazama mlima. Greenland barafu ipo leo, juu ya mwamba unaofanana na huu wetu. Anayetaka kujua ya huku ya miaka elfu nyingi ijayo, aende akatazame ya kule ya leo. Hiyo ndiyo kazi wanayokutuma: kushusha vipimo kwenye mashimo pembeni ya barafu na kujua maji yamefika wapi, na yamebeba nini.

Halafu unataka wamtume mtu mwingine! Ala!

Unaukumbuka ule mkutano wa wazi mjini, watu wa kampuni ya kuzika taka walipokuja kuwaeleza wananchi? Niliinua mkono. Kiswidi changu kilitetemeka, lakini nilisimama wima. Nikauliza, mmeifikiria barafu? Yule mama wa kampuni alijibu kwa heshima: tumeifikiria, tunaifikiria, na hatujamaliza, ndiyo maana tunatuma watu Greenland. Lile "hatujamaliza" lilinifurahisha sana. Ndipo mzee mmoja wa safu ya mbele akageuka akaniuliza, labda bila ubaya, haya yananihusu nini, kwani natoka wapi. Nikamjibu, "Alby." Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Wewe uliuficha uso kwenye skafu, halafu ndani ya treni ukanishika mkono mpaka kituo chetu. Sijawahi kukuambia jinsi nilivyofurahi.

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, Kiswidi kikanikimbia. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nimelishika, mashuka ya hospitali yao nimeyakunja mpaka mgongo ukaota kibiongo. Na umeme wao wa nyuklia nimeutumia pia. Ndio ulionipikia, ndio uliokuwashia taa ukisoma usiku wa Desemba. Sasa wakati wa kula niwe mwenyeji, wakati wa kuosha vyombo niwe mgeni? Sikubali hata kidogo. Taka zile ni zangu pia, na zako. Na watakaoishi juu yake barafu ikishapita hawatakuwa Waswidi wala Wakongo, hawatajua hata lugha moja kati ya tunazosema. Cherehani changu mtu akikichimbua atashangaa tu, labda akitundike ukutani. Hiki cha hapa kitamuua, na yeye atakuwa hajaambiwa, jinsi wewe ulivyokuwa huambiwi.

Nenda, basi. Na huko ukikuta kitu kinachovuruga hesabu za wakubwa, kiseme siku hiyo hiyo, hata kama ni wewe peke yako na wengine wote wana ndevu. Mama yako alisema, mimi nikamnyamazisha. Wewe usinyamazishwe. Vipimo vikionyesha kwamba wamefikiri vizuri, sema na hilo pia kwa sauti ile ile, usije ukawa kama mimi wa kukataa kila kitu kwanza.

Unadhani siogopi? Ninaogopa, mwanangu. Naiogopa helikopta. Naziogopa nyufa za barafu ulizonionyesha kwenye picha, buluu, huoni mwisho wake. Naiogopa jioni ya kwanza ya kula peke yangu. Nakupenda, nitakukosa, na kwenye hili hakuna dawa ya Huddinge itakayosaidia. Lakini fikiri vizuri unachotaka kunifanyia. Unataka kunipaka grisi, kunifunga nailoni, kunishusha mahali salama, ukae juu yangu kulinda alama. Kitu kilichofukiwa hivyo nakijua mwisho wake. Mimi bado ni mzima, na sitaki.

Sasa sikia nilichofanya, na hasira usinionyeshe, maana kimeshafanyika.

Ule mlio wa wiki hizi kutoka kwenye stoo yetu ya chini, uliokuwa ukiulalamikia, ukisema kuna jirani anatoboa ukuta hata Jumapili, ni mimi. Nimenunua cherehani. Kikuukuu, cha chuma kitupu, kizito mno. Nilikipata kwa bibi mmoja wa Farsta aliyekuwa anahama. Alitaka kumwita mjukuu wake aniletee kwa gari, nikakataa. Nilikifunga mgongoni kwa shuka, fundo kifuani, nikapanda treni ya kijani, nikabadilisha kituo cha Slussen, nikapanda yetu nyekundu. Watu walinitazama, wachache wakanipisha kiti. Sikukaa. Nilikibeba jinsi mama yako alivyosema kibebwe, mpaka mlangoni. Daktari asijue.

Vidole vimesahau mengi. Mshono wa kwanza ulikwenda upande, wa pili ukakatika. Fungua lile koti lako la barafu, upande wa moyo, ndani: kuna mfuko ambao dukani hawakuuweka. Umepinda kidogo, lakini nimeurudia mara mbili, hautachanika. Tia humo mkono baridi ikikuzidi, au picha, au barua hii.

Na kuhusu chumba chako. Kitanda ulichoamkia leo nimeshakigawa. Jirani yetu Mkenya na kijana wake watakuja kukichukua saa sita mchana, na meza ya kushonea inaingia pale pale dirishani, penye mwanga. Mama Furaha ameshaleta vitambaa, anataka gauni la kwaya, na amesema atakuwa anapita kila siku kuangalia limefika wapi. Nadhani anakuja kuangalia kama nimekufa. Aje tu, nitampa kazi ya kukata nyuzi.

Kwa hiyo hapa huna pa kulala, Sifa. Ukirudi utalala sebuleni kama wageni wote, nitakupima mabega, utanieleza maji yamefika wapi. Sasa funga kamba za viatu, ndege haingoji. Mimi niko macho humu chumbani, nasikiliza. Nikisikia unapiga simu natoka. Nikisikia mlango nitabaki hapa hapa, nitakuombea, nitalia kidogo, kisha nitashuka stoo kukichukua cherehani changu.

Papa yako,
fundi cherehani, Alby